Muulize Mkutubi: Kipindi cha hadithi kikivurugika, na vijana wanaokuja kuchaji simu

Shikamoo Bi Mkutubi. Nimepewa kitengo cha watoto katika maktaba ya umma. Kila Jumamosi nawasomea hadithi saa nzima. Mwanzoni wanatulia, lakini ikifika katikati wadogo wanatambaa chini ya meza, wakubwa wanasukumana, na wazazi wako kwenye simu zao. Mwenzangu amenishauri ninunue zawadi za kuwatuliza. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Zawadi ziache kwanza. Umeandika "watoto" bila kutaja umri, nami nahisi umewaketisha pamoja wa miaka miwili na wa miaka kumi. Hapo hata msimulizi hodari atatoka jasho.

Wagawe. Wachanga hadi miaka miwili wanatosheka na dakika 15 au 20: wamepakatwa na walezi wao, nyimbo, michezo ya vidole, na kitabu kimoja kifupi. Wimbo wa kuanzia uwe uleule kila wiki. Wewe utauchoka kabla yao. Wa miaka mitatu hadi mitano wape nusu saa, vitabu viwili au vitatu, na katikati wasimame waruke kidogo. Wanaosoma shule hawataki kuimbiwa nyimbo za vidole. Hao wasomee sura moja ya kitabu kirefu, ukate palepale patamu, waondoke wakikulaumu.

Sasa angalia unavyoketi. Dirisha lisiwe nyuma yako, maana mwanga ukitokea mgongoni watoto hawaoni picha, wanaona kivuli. Kitabu kishike kando ya bega, mkono ukikamata katikati kwa chini, kurasa zikiwaelekea wao muda wote. Tabia ya kujisomea kwanza kisha kuwageuzia picha ndiyo inayowapa nafasi ya kuanza kusukumana. Utaweza kusoma kwa jicho la pembeni ikiwa tu ulishakisoma kwa sauti nyumbani mpaka maneno yamekukaa. Na kitabu ambacho picha zake hazionekani kutoka safu ya nyuma, hata kiwe kizuri vipi, ni cha kuazimwa, si cha kusomea kundi.

Halafu uliza. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio dogo kuhusu watoto wa miaka miwili hivi. Wazazi walifundishwa kuacha maswali ya ndiyo na hapana, badala yake waulize "anafanya nini huyu?" na kumpa mtoto muda wa kujibu. Baada ya mwezi mmoja, watoto hao walikuwa mbele kwa lugha kuliko wenzao waliosomewa kwa namna ya kawaida. Ndiyo maana wazazi wenye simu nisingewavumilia: wao ndio watakaosoma na mtoto siku zilizobaki za wiki. Kabla hujaanza waambie kwa tabasamu, "Kipindi hiki ni chenu pia, nawaomba tuimbe wote." Wengi wataziweka simu.

Dada, kwetu vijana wa miaka 13 hadi 17 hujaa baada ya shule. Wanachaji simu, wanatumia intaneti, wanacheka kwa nguvu. Tuliwaandalia semina ya umuhimu wa kusoma, wakaja wawili. Mkuu wetu anataka asiyesoma atolewe. Nimteteeje huyu kijana?

Semina ya umuhimu wa kusoma! Mimi mwenyewe nisingekuja, na nalipwa kwa kazi hii.

Mwambie mkuu wako kwamba maktaba nyingi zinatafuta vijana hazipati, ninyi wamekuja kwa miguu yao. Sasa wapeni jambo la kuamua, na liwe la kweli. Mwaka 1992 Roger Hart aliiandikia UNICEF ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato vinane. Vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo: watoto kutumiwa, kuwekwa kama mapambo, na kushirikishwa kwa jina tu. Kamati nyingi za vijana maktabani zimekwama hapo hapo. Wanaitwa, wanapigwa picha, kisha ratiba inatoka ofisini ikiwa imeshachapwa.

Anza na kikundi kidogo, wakiwemo wale wenye kelele. Watengee fungu la pesa za vitabu, hata likiwa dogo, na vitabu wavichague wenyewe. Wakitaka vitabu vya katuni, nunua katuni, na uso usiukunje. Yasiyojadiliwa yaseme siku ya kwanza: saa ya kufunga, kiasi cha pesa, usalama. Mengine yote yawe yao, pamoja na haki ya kulikataa wazo ulilolala ukilipenda.

Kona yao iwe mbali na viti vifupi vya wadogo. Kijana wa miaka 15 hataki kuonekana hapo. Soketi za umeme ziwe ukutani kando ya rafu yao, vitabu vikionyesha jalada badala ya mgongo. Simu ikiwa kwenye chaji mikono haina kazi.

Na usingoje waje tu. Margaret Edwards, mkutubi wa vijana huko Baltimore, katika miaka ya 1940 alipakia vitabu kwenye mkokoteni wa farasi akavipeleka mitaani. Wewe omba dakika kumi darasani, simulia vitabu vitatu, na mwisho wa kila kimoja ubaki nao.

Bi Mkutubi, bosi anataka idadi tu. Wakija wachache anasema kipindi kimeshindwa.

Mpelekee idadi, ila uongeze mbili nyingine: waliorudi, na vitabu vilivyoazimwa katika saa ile. Weka meza ya vitabu kati ya kipindi na mlango, uone hesabu ya pili inavyopanda. Akibisha, mwonyeshe ilani ya UNESCO ya 1994 kuhusu maktaba za umma. Ilani hiyo iliandikwa upya mwaka 2022, lakini jukumu la kwanza katika orodha ile ya 1994 lilikuwa kuwajengea watoto mazoea ya kusoma tangu wadogo. Kujaza ukumbi hakukuwamo.

Je, ninaweza kuweka picha za watoto kwenye ukurasa wa maktaba?

Kwa ruhusa ya mzazi iliyoandikwa, na mtoto mwenyewe akikataa, basi. Jina na shule visiandikwe. Mikono imeshika kitabu, au vichwa kwa nyuma, vinatosha kwa tangazo. Fomu zitunze kwenye faili moja, na mzazi akibadili nia picha ifutwe siku hiyohiyo, bila kumuuliza sababu.