Muulize Fundi: Paramota nyuma ya Golf, na shuka la bima lisilofika miguuni

Shikamoo fundi,

Mimi ni kijana wa Tanga, naishi Reading, Uingereza, huu mwaka wa 9. Mwezi uliopita nilinunua paramota (bawa la kitambaa na injini ya propela inayobebwa mgongoni) iliyotumika, kwa pauni 3,200: injini ya Moster 185, fremu, tangi la lita 12 na bawa lake. Tangu siku hiyo gari linanuka petroli, na mke wangu ameapa hapandi tena mpaka nilitoe hilo "jenereta". Gari ni Golf yenye tobaa, kile chuma cha nyuma cha kuvutia trela. Nimeona watu wakifunga jukwaa dogo la chuma kwenye tobaa na kupakia paramota juu yake. Je, itahimili? Polisi hawatanisumbua? Halafu bima: nilipiga simu kampuni ya bima ya gari, dada aliyepokea akaniuliza kama ni pikipiki. Nikamwambia ni ndege ya kubeba mgongoni. Akaniomba nisubiri. Nikasubiri dakika 20, simu ikakatika. Nifanyeje?

Mpaaji wa Reading

Marahaba mwanangu. Kwanza mpe pole mkeo, ana haki. Tangi la paramota lina tundu la kupumulia, na tundu hilo halijui kama liko angani au liko ndani ya buti la Golf. Mimi nilianza kuruka nikiwa na miaka 51, baada ya kuchafuka grisi Ganjoni, Mombasa, na kisha Leicester karibu maisha yangu yote, kwa hiyo mengi ya hapa chini nimeyajua kwa kuyakosea.

Habari ya tobaa (neno ambalo nikilitamka haraka, mke wangu hudhani hatimaye naomba toba). Toka nje na tochi, piga magoti nyuma ya gari, utafute kisahani kilichobandikwa kwenye shingo ya chuma. Kuna herufi S na mbele yake namba ya kilo. Huo ndio uzito unaoruhusiwa kukandamiza ule mpira wa chuma unaoshika trela. Kwenye magari madogo mara nyingi utakuta 50 au 75. Kisha fungua kitabu cha gari uone nacho kinasema ngapi. Namba zikitofautiana, ndogo ndiyo sheria. Usipoona kisahani chochote, simama hapo hapo. Magari yaliyoanza kutumika Uingereza tangu tarehe 1 Agosti 1998 yanatakiwa yawe na tobaa iliyoidhinishwa, na chuma kisicho na kisahani huenda kilichomelewa na mtu kama mimi, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Sasa chukua mizani ya bafuni. Jukwaa langu lina kilo 17. Injini na fremu, tangi likiwa kavu, kilo 27. Petroli lita 12 ni kilo 9 hivi. Jumla 53. Mwenye S ya 75 anacheka, mwenye S ya 50 anaanza kutafuta njia ya mkato. Lakini hata wewe wa 75 usicheke sana. Trela hukandamiza pale pale juu ya mpira. Jukwaa hujitokeza nyuma, na mzigo wako unakaa karibu nusu mita kutoka kwenye mpira, kwa hiyo chuma hakikandamizwi tu, kinapindwa. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha nyoosha mkono ukiwa bado umeishika, utanielewa. Gari likiruka tuta au shimo, zile kilo 53 hupiga kama nyingi zaidi, na hupiga hivyo mara elfu kabla hujafika uwanjani. Ndiyo maana mimi huondoka tangi likiwa tupu. Petroli nasafiri nayo ndani ya kidumu cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kimefungwa kisibingirike, na dirisha nafungua kidogo. Jukwaa nalo lina kiwango chake cha kilo kilichoandikwa na waliolitengeneza. Wengine wamelitengeneza kwa baiskeli mbili, na baiskeli haina injini inayokaa upande mmoja.

Kukaza: tumia kamba zenye ratcheti, mbili zipite kwenye chuma cha chini cha fremu, pale panapobeba injini. Usifunge kwenye zile pete nyembamba za kizimba cha nyavu kinachozunguka propela, zitapinda na utaziona zimekuwa yai. Ukimaliza shika fremu uitikise kwa nguvu. Gari zima litikisike; ikitikisika fremu peke yake, anza upya. Halafu simama baada ya maili 10 uikaze tena, maana kamba mpya hulegea.

Propela ivue. Najua ni boliti 6 na kuna baridi. Mwaka wangu wa kwanza niliiacha, nikashika barabara kuu ya M1 kwenda kaskazini. Moster ina klachi inayoshika pale tu injini inapopata mwendo, maana yake injini ikiwa imezimwa propela inazunguka bure kama feni ya dirishani. Upepo wa barabara kuu ukaizungusha njia nzima, na mkia wa kamba niliokuwa nimeuacha ukining'inia ukavutwa ndani. Nilisikia mlio kama wa mtu anayepasua muwa. Ncha ya propela ya kaboni ilibaki pale M1, na mimi nilifika uwanjani nikawa mtazamaji. Tangu siku hiyo propela inasafiri imelala kwenye kiti cha nyuma, ndani ya mfuko wake, na mikia yote ya kamba naifunga fundo.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: ekzosi ya gari. Angalia inatokea wapi. Yangu ilikuwa inapuliza moja kwa moja kwenye nyavu za kizimba, na baada ya saa moja na nusu nyuzi tatu zilikuwa zimeyeyuka, tundu la kupitisha kiganja. Tundu la kiganja ndilo hasa usilolitaka, kwa sababu nyavu zile zipo ili kiganja kisifike kwenye propela. Kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi kimelimaliza tatizo.

Mvua: ziba mdomo wa hewa wa kabureta na mdomo wa ekzosi ya injini kwa mfuko na mpira. Wakati wa baridi barabara za huku humwagwa chumvi, na chumvi hiyo hurushwa na magurudumu ikaingia kila mahali, kwa hiyo ukifika futa alumini kwa kitambaa cha maji matamu. Usiivishe paramota turubai kubwa. Kwenye mwendo kasi turubai ni tanga, na tanga lina nia zake. Bawa halikai nje kabisa, hata kwa safari ya dakika kumi.

Polisi. Jukwaa likiwa tupu, pengine taa na pleti ya namba zinaonekana. Ukishapakia, hazionekani, na hapo umeshavunja sheria. Faini ya pleti isiyoonekana inaweza kufika pauni 1,000. Nunua ubao wa taa, uchomeke kwenye soketi ya tobaa, uweke juu yake pleti ya nyuma ya rangi ya manjano yenye namba ile ile ya gari. Siyo karatasi uliyoandika kwa kalamu ya wino mzito. Nimeiona hiyo pia. Mtu akupitie nyuma mara moja kila safari akuambie kama breki na indiketa zinawaka. Mzigo ukichomoza nyuma zaidi ya mita 1, uweke alama inayoonekana wazi. Na ukidondosha mzigo kwa sababu haukufungwa vizuri, jiandae kwa faini na pointi 3 kwenye leseni, hata kama hakuna aliyeumia.

Sasa bima, ndiyo iliyokufanya uandike. Watu wengi hulala wakijua wamejifunika mwili mzima, kumbe shuka linaishia magotini. Kuna milango mitatu, na kila mlango una bawabu anayekuelekeza mlango wa jirani.

Mlango wa kwanza ni bima ya gari. Kazi yake kubwa ni madhara unayowafanyia wengine ukiwa barabarani. Paramota ikikatika kwenye M4 na gari la mtu likaigonga, hao ndio wa kuwaita. Lakini watakuuliza: tobaa ulitueleza? Kampuni nyingi huhesabu tobaa kuwa gari limebadilishwa, na aliyenyamaza hujikuta anabishania fidia yake. Kwa hiyo usipige simu tena. Andika barua pepe: gari langu lina tobaa iliyoidhinishwa, nabebea juu yake jukwaa lenye kifaa cha kilo kadhaa, naomba mthibitishe kwa maandishi. Barua pepe haina muziki wa kusubiria. Na chuma chenyewe? Mara nyingi bima ya gari hailipi mzigo wako, au inalipa vijisenti vya mali binafsi, tena iliyokuwa ndani ya gari.

Mlango wa pili, bima ya vitu vya nyumbani. Hapo soma orodha ya visivyolindwa, yale maandishi madogo kama chawa. Tafuta neno la ndege na la vitu vyenye injini. Nyingi zimeviondoa vyote viwili, na paramota kwa bahati mbaya ni vyote viwili.

Mlango wa tatu ni bima ya kuruka. Uingereza haidai leseni ili uruke paramota ya kuondoka kwa miguu, na watu wengine huchukulia kwamba basi hawadaiwi chochote. Jiunge na BHPA, chama cha wapaaji cha huko. Uanachama wake huja na bima ya kuwafidia wengine. Ukimwangukia ng'ombe wa mkulima au kuvunja kioo cha nyumba yake, hiyo inakuhusu. Fremu iliyopondeka kwenye maegesho, haiwahusu.

Unaona basi: pale nyuma ya Golf, kati ya Reading na uwanja, paramota yako haina mlezi. Ukitaka alindwe mnyama mwenyewe, omba bima ya vifaa, inayotaja wizi na usafirishaji. Uwaulize waandike: inalindwa ikiwa imefungwa nje ya gari, au ndani tu? Nikilala hotelini na gari liko uani, je? Kufuli la aina gani mnalikubali? Mtanilipa bei ya mpya au ya iliyotumika? Kwa lile la pili jibu la kawaida ni hapana, na mimi sioni walivyokosea. Huwa naiingiza chumbani, nikavumilia macho ya mhudumu wa mapokezi. Usianze mazungumzo kwa neno ndege wala pikipiki. Sema vifaa vya michezo ya anga, kisha taja injini bila kuificha, kwa sababu kitakachofichwa leo ndicho watakachokifukua siku ya kulipa.

Nami nilifukuliwa. Mwaka juzi nilisimama kwenye taa, mtu akanigonga nyuma, taratibu tu, kama anayebisha hodi. Bampa langu bima yake ililipa ndani ya wiki mbili. Paramota, ambayo ndiyo iliyopokea hodi yenyewe, ilichukua miezi mitano. Walitaka kujua niliinunua lini, kwa nani, kwa kiasi gani, na kama kweli ilikuwepo. Nilikuwa nimeinunua kwa pesa taslimu, shambani kwa mtu, tukapeana mikono. Kilichoniokoa ni picha niliyokuwa nimepiga namba ya injini, wakati natafuta pete za pistoni. Picha ina tarehe. Wakalipa, kwa kununa.

Kwa hiyo usiku huu mwandikie aliyekuuzia, akupe risiti yenye namba ya injini, tarehe na zile pauni 3,200. Piga picha kila kitu, hata ratcheti.

Fundi, mimi niko Nakuru. Nataka kupeleka paramota Iten nirukie Kerio Valley. Prado ina tobaa. Nifunge nyuma?
K., Nakuru

Ungekuwa na lami tupu ningekujibu kama mwenzako wa Reading. Lakini wewe una matuta ya kila kituo, vumbi la murram, na zile kona za kuteremkia Tambach. Azima pikapu. Tandika godoro, laza fremu chali, propela imevuliwa, tangi tupu, na kabureta imefungwa mfuko kabla ya vumbi na si baada yake. Bima ya lazima ya Kenya, ile ya Sura ya 405, inahusu kifo na majeraha ya watu, na fremu yako si mtu. Kama unataka ilindwe njiani uliza bima ya mizigo safarini, nayo uitaje kwa jina. Wakaguzi wa anga ni KCAA, wapigie hodi kabla hujapanda, si baada ya kutua. Na Iten iko juu, mita 2,400 hivi, injini itakuwa imepoteza karibu robo ya nguvu zake, usiilaumu safari. Godoro la inchi 4 linatosha. La inchi 6 litaiinua fremu juu ya ubavu wa pikapu, na tawi la kwanza la mgunga litaichukua.