Maswali yenu kuhusu fildi ya anga za juu

Tangu niseme kwamba nikiwa chuo nilifanya fildi katika shirika la anga la Afrika Kusini, SANSA, tawi la Hermanus, barua hazikatiki. Leo najibu nne.

*Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, uhandisi. NASA wanachukua Watanzania ile Juni hadi Agosti? (Njiro, Arusha)*

Marahaba. Nafasi zao za kawaida za wanafunzi ni za raia wa Marekani. ESA, shirika la anga la Ulaya, nalo huchukua raia wa nchi wanachama na washirika wake. Nakuambia mapema usije ukakesha ukijaza fomu itakayokwamia kwenye uraia. Gonga milango ya jirani: SANSA, shirika la anga la Kenya lililoanzishwa 2017, au RCMRD pale Kasarani, Nairobi, kituo cha ramani ambacho Tanzania ni mwanachama. Pitia chuoni kwako, barua iwe na mhuri wa idara. Wenzenu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneza setilaiti ndogo, 1KUNS-PF, ikaachiwa angani Mei 2018 kutoka chumba cha Wajapani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Chumba hicho kinaitwa Kibo. Kwa Kijapani ni tumaini, lakini mtu wa Moshi ukilisikia jina hilo lazima uangalie mlimani, kilele cha Kilimanjaro.

*Mwalimu, kazi yenyewe mlikuwa mnafanya nini? (Soweto, Moshi)*

Hermanus wanapima sumaku ya dunia, na wamekuwa wakiipima hapo tangu 1941. Jua likichafuka, sindano ya sumaku hutikisika, na mtikisiko huo unaweza kuvuruga redio, GPS na hata njia za umeme. Kabla ya kuingia chumba cha vipimo nilivua mkanda, saa na pini za nywele, nikaacha funguo na simu nje. Chumba chenyewe kimejengwa bila chuma. Siku nyingine zote nilikuwa mbele ya kompyuta napitia mistari ya vipimo, natenganisha mtikisiko uliotoka juani na ule ulioletwa na gari lililopita jirani. Wiki ya kwanza nilichoka. Ya tatu nikaanza kuitambua dhoruba ya jua kwa macho, na furaha ile bado ninayo. Jambo lingine: Juni kule ni baridi na mvua, beba sweta zito.

*Kuna mtu anataka laki tatu amtafutie mwanangu nafasi NASA. Nimpe? (Kiboriloni)*

Usimpe, mama. Kuomba nafasi hizo hakuna ada.

*Nina kompyuta ya zamani na bando la wiki. Naanzia wapi? (Tengeru)*

Anza na mlima wetu, Kilimanjaro. Picha za setilaiti za Landsat ni za bure tangu 2008, na kumbukumbu zake zinarudi hadi 1972. Landsat 8 hupita juu yetu kila baada ya siku 16, na pikseli moja, yaani kimraba kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30 ardhini. Shida ni kwamba hupita mnamo saa nne asubuhi, na sisi wa huku tunajua saa nne mawingu yameshaanza kuufunika mlima. Wingu jeupe, barafu nyeupe, utatofautishaje? Setilaiti hupiga kila aina ya mwanga kivyake, na kila moja huitwa bendi. Fungua bendi ya 6, ya infraredi ya mawimbi mafupi, mionzi isiyoonekana kwa macho. Barafu huimeza mionzi hiyo ikaonekana nyeusi, wingu likabaki jeupe. Linganisha na bendi ya 3, ya kijani, ambako barafu inang'aa. Mara ya kwanza kuona kofia ya Kibo ikigeuka nyeusi vile kwenye kioo niliwaita wanafunzi wangu wote waje kutazama.

Chagua picha mbili zisizo na mawingu mengi, za msimu mmoja lakini miaka tofauti, hesabu pikseli za barafu, andika ulivyofanya kwa kurasa mbili. Hizo kurasa ndizo uambatanishe na barua ya maombi. Ukikwama kwenye kuhesabu, niandikie tena.