Twiga wangu wa waya anaanguka kifudifudi

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Mingoyo, Lindi, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana. Jioni natengeneza wanyama kwa waya wa kufungia nondo. Hakuna aliyenifundisha, nilianza utotoni na magari ya waya. Mbuzi wangu wanasimama vizuri, lakini twiga kila nikimweka mezani anaanguka mbele. Halafu wote wanashika kutu upesi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umenikumbusha mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nafunga nondo hapa Mtwara, na vipande vya waya vilivyobaki nikavikunja kuwa punda. Punda huyo alikuwa na miguu minne, kila mmoja na urefu wake.

Mbuzi wako wanasimama kwa sababu mbuzi unamjua. Anapita uani kwenu kila siku. Twiga huku kwetu hayuko hata porini, ukishavuka Rufiji kuja kusini humkuti, kwa hiyo unamkunja kutoka kwenye picha, na picha haikuonyeshi uzito unakaa wapi. Nadhani shingo umeipinda kama mpira wa maji. Shingo ya twiga ina pingili saba tu, idadi ileile ya shingo yako wewe, ila kila moja ni ndefu. Basi ikunje kwa vituo, hapa kidogo, pale kidogo, nayo itapata uhai.

Kuanguka kwake kunatokana na mambo mawili. La kwanza, umetumia waya mmoja kwa kila kitu. Waya wa kufungia nondo, ule wa geji 16, ni laini, kazi yake ni kuzungushia. Mifupa inataka waya mnene, kama milimita 3. Kunja uti wa mgongo kwanza, kutoka puani hadi mkiani, kipande kimoja bila kukata. Kisha kunja miguu ya mbele kama mlango usio na kizingiti cha chini, ipandishe juu ya uti, uibane kwa waya mwembamba mizunguko kumi na zaidi, ukaze kwa plaizi. Miguu ya nyuma vilevile, ila mifupi kidogo.

La pili ni kichwa. Wengi wetu tunapenda uso, tunauzungushia waya hadi unakuwa mzito kuliko kifua. Punguza huko. Kifuani na mapajani ongeza mizunguko, na kwato za mbele zisogeze mbele kidogo ya bega. Kabla hujaendelea na mwili, simamisha mifupa mitupu juu ya kioo au kigae. Ikiyumba, rekebisha sasa hivi, maana ukishaivika mwili hutaweza tena.

Wewe ni mtu wa Lindi, kwa hiyo nikupe mfano wa nyumbani. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, kule Tendaguru, na watu wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin tangu 1937, kimo chake kwenda juu kinapita mita 13. Naye alikuwa na shingo ndefu, na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, kama twiga wako. Itafute picha yake uangalie miguu ilivyonyooka chini ya mwili mfano wa nguzo. Uangalie na vyuma vilivyoishikilia mifupa ile. Hicho ndicho ninachokuambia kuhusu waya mnene.

Jambo moja kwa mbuzi pia, maana nimeona wengi wakikosea: kile kinachofanana na goti lililopinda kinyume kwenye mguu wa nyuma ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Mshike mbuzi wenu mguu, utalipata.

Kutu ni ya upepo wa bahari, na waya ule mweusi hauna kinga. Mnyama akikamilika msugue kwa msasa, mwondolee vumbi na mafuta yote, kisha mpake vanishi mara mbili. Ncha zote zipigwe tupa. Na unapokata, ziba ncha inayoruka kwa kiganja. Mimi iliwahi kunichoma chini ya jicho, kovu ninalo hadi leo.

SWALI: Fundi, niko Newala. Natengeneza ndege kwa waya wa shaba wa kebo chakavu. Mwanzo unakunjika vizuri, baadaye unakuwa mgumu na kukatika. Je, nimeuziwa shaba mbovu?

JIBU: Hapana, dada yangu. Shaba ikikunjwa mara nyingi hukakamaa yenyewe. Ipashe motoni hadi iwe nyekundu hafifu, uiache ipoe, nayo italainika upya. Ila ganda la plastiki lichune kwa kisu kwanza, usilichome kamwe, moshi wake ni sumu. Waya wa mabati nao usiutie motoni, zinki yake ikiungua hewa yake inaleta homa. Weusi utakaobaki kwenye shaba usugue kwa limau na chumvi, halafu suuza na ukaushe kabla hujaanza mbawa.