Umati ukiingia kikundini

Vikundi vya kusoma vya mrengo wa kushoto, pale Kaloleni au Ngarenaro jijini Arusha, havichoki na swali hili: kwa nini mnyonge humshangilia anayemkandamiza? Mkilileta, jihadharini. Akianza kusema mzee au mwalimu, watu tisa wataitikia "naunga mkono mzungumzaji aliyetangulia", na hapo mada yenyewe, kufuata umati, imeshaingia chumbani bila hodi.

Anzeni na karatasi. Kila mtu apewe kipande na dakika tano, aandike msimamo wake bila jina. Vikunjwe, vitiwe kwenye ndoo, visomwe vyote. Sababu yake iko kwa mwanasaikolojia Solomon Asch, Marekani, miaka ya 1950. Aliwapa vijana kazi ya kulinganisha urefu wa mistari, jambo la macho tu. Wenzao waliopangwa na mtafiti walipotaja jibu bovu kwa kauli moja, kama theluthi ya majibu ya kijana asiyejua mpango ilifuata kosa. Akipata mwenzake mmoja tu anayesema kweli, makosa yalishuka hadi kama robo ya yale ya mwanzo. Akiandika badala ya kutamka, yalipungua pia. Lakini msieleze Unazi mzima, ule utawala wa Hitler Ujerumani, kwa mistari: mistari haimfukuzi mtu kazi, na hata hivyo majibu mengi yalikuwa sahihi.

Kisha gaweni pande mbili. Upande wa kwanza umtetee Wilhelm Reich, mwanasaikolojia Mkomunisti, aliyeandika mwaka 1933 kwamba cha kueleza si mwenye njaa anayeiba, bali wale wengi wenye njaa wasioiba. Utii, alisema, hufundishwa tangu nyumbani. Chama cha Kikomunisti kilimfukuza mwaka huohuo. Upande wa pili ujibu kwamba saikolojia isifunike nguvu: ofisi za vyama vya wafanyakazi Ujerumani zilivamiwa na Wanazi tarehe 2 Mei 1933, na viongozi wakakamatwa. Aliyevunjiwa chama hahitaji kasoro ya nafsi ili anyamaze. Sisi tunaona upande huu una uzito zaidi, ila ukiachwa peke yake hauelezi shangwe.

Mpinzani awe wa zamu. Akiwa yuleyule kila wiki anageuka kichekesho, hoja zake zinasikilizwa kama vituko. Mdogo aseme kwanza, mwenyekiti mwisho, na asithubutu kufunga kwa "kwa hiyo tumekubaliana". Kura ya mikono iepukeni kabisa. Tazameni shingo: hugeuka kwa jirani kwanza, ndipo kiwiko kinapanda.

Muda ukibaki, someni kifungu cha 15 cha Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, kilichokemea viongozi wenye majivuno na uonevu. Wafanyakazi viwandani walikishika, wakawasomea mabosi wao, na migomo ikafuata. Waulizeni wanakikundi: kile kikaratasi cha Mwongozo hakikuwa ndiye yule mwenzake mmoja wa Asch?