Jibu: Binti yangu Mwislamu amepata chuo cha Kikatoliki, itakuwaje?

Dada yangu, umeuliza kama binti yako anayevaa hijabu atajiona mgeni SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania), Mwanza, kwa kuwa chuo ni cha maaskofu. Cha maaskofu ni kweli, tangu 1998. Lakini waraka unaoongoza vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani, Ex Corde Ecclesiae wa Papa Yohane Paulo II (1990), unataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Huo ushikeni.

Kwa maoni yangu shida huwa kwenye mambo madogo. Mtihani ukipangwa Ijumaa saa saba mchana, anamwona nani? Ramadhani ikifika, hosteli inaruhusu kupasha daku saa kumi alfajiri, au mlinzi atakuja kuzima jiko? Haya muulizeni mlezi wa wanafunzi kabla ya kulipa ada. Kanuni za mavazi azisome mwenyewe (ya vijiweni achaneni nayo).

Akifika awatafute wanafunzi wenzake Waislamu, ila asijifungie humo tu. Kikundi cha kujisomea chenye Msukuma, Mhaya na Mpemba kitamzoesha chuo haraka kuliko semina yoyote ya ukaribisho. Na akipangiwa kozi ya maadili asiikimbie, inafaulika kama nyingine.