Usiuze kiwanja kwa sababu ya seli shina

Juzi dada mmoja wa Bamburi kaniandikia inbox, ati kaambiwa kuna sindano ya seli shina (stem cells, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) inamaliza ugonjwa wa utumbo wa Crohn kabisa, auze kiwanja cha Mtwapa? Wallahi nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, maana huyo ni mimi wa mwaka 2019.

Mie nina Crohn, kinga ya mwili inashambulia utumbo wenyewe, unavimba na kutoka vidonda. Kabla haijajulikana nilitibiwa amiba, taifodi, TB ya tumbo, na jamaa zangu wakasema nimetupiwa kitu. Kila asubuhi navuka feri ya Likoni naomba tumbo lisinishike katikati ya maji, na siku moja likanishika. Macho ya wale watu siyasahau. Kwa hivyo wakala aliponitajia kliniki ya seli shina ya ng'ambo nikampa laki mbili za kushika nafasi bila kuuliza chochote, hazijarudi mpaka leo na bado zinaniuma.

Pesa zilipokwenda ndio nikaanza kusoma. Kumbe kuna njia mbili. Moja wanavuna seli shina zako za damu, wanakupiga kemo, zile dawa kali za saratani, kuizima kinga, halafu wanakurudishia ianze upya. Utafiti wa Ulaya wa njia hiyo kwa wagonjwa 45 uliotoka 2015 haukufikia lengo lake, na mmoja alifariki. Ya pili ni seli shina za mafuta ya mtu mwingine, wanazidunga kwenye fistula, yaani kitundu kinachotoboka pembeni ya njia ya haja kubwa. Ulaya waliruhusu 2018, utafiti mkubwa uliofuata ukashindwa kuonyesha faida, 2024 ikaondolewa sokoni. Tena hiyo ilikuwa ya fistula tu, si ya utumbo wote!

Sasa hivi namshukuru Mungu, natumia azathioprini, dawa ya kutuliza kinga, napima damu kila miezi mitatu, mwaka wa pili huu sijalazwa na feri navuka kifua mbele. Jamani tuwe na subira, ardhi ya watoto haiuzwi kwa ahadi ya mtu wa WhatsApp.

Dada, peleka ripoti yako ya kamera ya kuangalia utumbo kwa daktari wa utumbo kwanza. Na huyo anayesema "inamaliza kabisa" muulize jina la utafiti na mwaka wake. Wakala wangu nilipomuuliza aliniblok.