Jimbo liamue, lakini idadi ya watu isiwe kipimo pekee

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: je, ni haki serikali ya jimbo kuiamulia miji aina ya nyumba zitakazojengwa, tena kwa kufuata idadi ya wakazi? Naishi kusini mwa Seattle, jimbo la Washington, ambako sheria ya namna hiyo ipo. Jimbo lina haki kabisa kuingilia. Kipimo lilichochagua ndicho kinachoniudhi.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ardhi ya makazi huku ilitengewa nyumba ya familia moja kwa kila kiwanja. Ukitaka kujenga mbili zilizoshikana, mji ulikukatalia. Watu wa kipato cha kawaida wakabaki kugombania apatimenti za kando ya barabara kuu, kwenye kelele na moshi. Madiwani wangebadili kwa faida ya nani? Wanaowapigia kura wengi wameshapata pa kuishi; anayetafuta bado yuko mji mwingine. Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2023 bunge la jimbo lilipopitisha sheria ya HB 1110 na Gavana Jay Inslee akaitia saini.

Sheria hiyo imeigawa miji kwa makundi. Wenye watu 75,000 na zaidi lazima uruhusu nyumba nne katika kiwanja cha makazi, na sita ikiwa kituo kikubwa cha usafiri kiko ndani ya robo maili, yaani kama mita 400 kwa miguu. Kuanzia 25,000 hadi hapo ni mbili, na nne karibu na kituo. (Nyumba za bei nafuu nazo zinaongeza idadi.) Mji wa chini ya 25,000 uliopakana na mkubwa kama Seattle ni mbili, basi.

Sasa tazama kwetu. Miji ya Kent, SeaTac na Tukwila imeshikana, na familia za Kikongo, Kisomali na Kikenya zimeenea kote: unalala huku, unasali kule. Sensa ya 2020 iliikuta Kent na watu zaidi ya 136,000, SeaTac 31,000 na ushei, Tukwila karibu 22,000. Kituo cha treni cha Tukwila International Boulevard kiko pale pale mpakani na SeaTac. Mwenye kiwanja cha makazi karibu na kituo upande wa SeaTac, sheria hii ya HB 1110 inamhakikishia nyumba nne. Jirani yake wa Tukwila, anayepanda treni ileile, anahakikishiwa mbili tu, eti kwa sababu mji wake haujafika 25,000.

Kwa familia zetu tofauti hiyo ni kubwa. Zikiwa nne, bibi anakaa chini asipande ngazi, kijana aliyeoa anapata mlango wake, na mpangaji anasaidia kulipa mkopo wa benki. Zikiwa mbili, mmoja wao anahamia mbali.

Nimesikia hoja ya mabomba ya majitaka na zimamoto: mji mdogo utazidiwa. Kwa mji wa wakulima ng'ambo ya milima ya Cascade, nakubali. Lakini Tukwila ina maduka makubwa ya Southcenter na inapokea wafanyakazi kutoka miji yote ya jirani. Jimbo jirani la Oregon lililiona hili mapema. Sheria yake ya mwaka 2019, HB 2001, nayo ina ngazi za watu 10,000 na 25,000, lakini miji ya eneo la jiji lake kubwa, Portland, hata yenye watu elfu chache, iliwekwa kundi moja na mikubwa. Washington ifanye hivyo kwa kila kiwanja kilicho karibu na kituo cha treni.

Wala hatuna haja ya kusubiri bunge. Kilichoandikwa ni kiwango cha chini, na baraza la mji linaweza kuruhusu zaidi. Wasomaji wa Tukwila, mikutano ya baraza iko wazi kwa kila mkazi, awe raia au asiwe. Nendeni mkaombe nne.